Mtalii Kutoka Simbo

Pale Simbo, kijiji cha mkoani Kigoma, wanamwita Mama Kelly, na wengi hawajui kama ana jina jingine. Jina lake ni Révérienne. Kwenye cheti chake cha uraia limeandikwa Reveriana, kwa sababu karani wa siku ile aliliandika kama alivyolisikia, naye hakutaka kubishana na mtu aliyekuwa anampa nchi.

Alizaliwa upande wa pili wa mpaka, kwenye kilima kimoja juu ya Nyanza-Lac, nchini Burundi. Mwaka 1972, mauaji yalipoanza, baba yake alichukuliwa na hakuonekana tena. Mama alikuwa ameshafariki. Kaka yake, Térence, ambaye alikuwa bado hajaota ndevu, alimbeba mgongoni wakafuata ufuko wa ziwa kuelekea kusini hadi Kagunga, upande wa Tanzania. Révérienne alikuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya utotoni. Anachokumbuka ni jasho la shingo ya kaka yake, na jinsi alivyokuwa akimkataza kukohoa.

Kuanzia hapo waliishi kwa karatasi. Mkimbizi alihitaji kibali cha kutoka eneo lake, na asiye nacho alikuwa na kosa hata kama ameenda kununua chumvi tu. Révérienne aliolewa na mkimbizi mwenzake, Ngendakumana, mtu mpole, fundi wa kukamua mawese. Siku moja Ngendakumana alipeleka maharage sokoni bila kibali, akakamatwa njiani, akawekwa ndani. Alipoachiwa alirudi na kikohozi ambacho hakikuisha, na kabla binti yao Kelly hajaanza shule, baba yake akazikwa. Tangu siku hiyo Révérienne akiona sare, hata ya mlinzi wa benki, mkono wake unakwenda wenyewe kifuani kutafuta karatasi.

Ulipofika wakati wa wakimbizi wa zamani kuchagua kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania, ndugu hao wawili hawakuchagua sawa. Térence alisema baba yao alipotelea kule na yeye atazeekea kule. Révérienne alisema mumewe amelala Simbo na mtoto wake anaota kwa Kiswahili. Hawakugombana. Térence alipanda gari la wanaorejea akiwa na godoro na jembe. Révérienne, baada ya kungoja sana, alinyoosha mkono mbele ya ofisa, akaukana uraia wa Burundi, akapewa cheti. Alikifunga kwenye nailoni mbili.

Baada ya hapo walikuwa wakisikilizana kwenye simu tu. Miaka ikapita. Kisha, mwaka juzi, Ndayikunda, binti wa Térence, alipiga simu kusema kwamba baba yake ana ugonjwa wa ini, hospitali imemrudisha nyumbani, na anamuulizia dada yake.

Majirani walimshauri apite Kagunga. Walimwambia kuna njia za miguu, watu wanavuka kwenda sokoni na kurudi, na nani atamsimamisha mama wa umri wake mwenye kitenge na kikapu. Révérienne aliwasikiliza, akawashukuru, kisha akamwambia Kelly ampeleke mjini Kigoma, ofisi ya uhamiaji.

Ofisa aliyewapokea aliitwa Erasto, kijana mwenye miwani. Alimwamkia shikamoo, akamvutia kiti. Alimweleza taratibu bila haraka. Mtanzania anayekwenda Burundi halipii viza, maana ni nchi za jumuiya moja, lakini lazima awe na hati ya kusafiria iliyo hai na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Akifika mpakani atagongewa muhuri wa kuingia na kupewa muda wa mgeni. Katika muda huo haruhusiwi kuajiriwa. Akitaka kuongeza siku, aombe kabla muda haujaisha, si baada. Akipitiliza, ana kosa, na huenda safari nyingine akazuiwa.

"Kaka yangu anaumwa sana," Révérienne alisema. "Naweza kupewa ruhusa ya kukaa mpaka Mungu atakapomchukua?"

Erasto alivua miwani akaifuta. "Mama, muda wa mgeni huhesabiwa kwa tarehe. Mpaka haujui habari za mgonjwa."

Hakulisema kwa ubaya, na Révérienne hakulipokea kwa ubaya. Alichomwa chanjo, akapigwa picha, na hati ilipotoka aliiweka pamoja na cheti kwenye ile nailoni.

Alipanda asubuhi gari la Manyovu, kituo cha mpakani, akapanda nalo milima hadi kwenye baridi na mashamba ya kahawa, akagongewa muhuri wa kutoka Tanzania. Upande wa Burundi, pale Mugina, alimkuta dada wa uhamiaji mwenye nywele fupi. Dada yule alipokea hati, akamsalimu kwa Kiswahili, kisha akamuuliza sababu ya safari.

Révérienne alikuwa amejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Jibu lilimtoka kwa Kirundi cha mtoto aliyekuwa.

"Ndatashe," alisema. Maana yake, nimerudi nyumbani.

Yule dada aliinua uso. Alitazama hati, akamtazama yeye, akatazama hati tena. Kisha naye akahamia Kirundi, kwa sauti ya chini, ili waliokuwa nyuma kwenye foleni wasisikie. Alimwambia anayerudi nyumbani huja na kitambulisho cha Burundi. Hati hii ni ya Tanzania. Kwa hati hii anaweza kumwandika mfanyabiashara, mwanafunzi, mpita njia, au mtu wa utalii na matembezi.

"Nikuandike wapi, mama?"

"Pale ambapo sitakuwa na kosa," Révérienne alijibu.

Akaandikwa mtalii. Muhuri uligongwa, na tarehe ya mwisho ikaandikwa kwa kalamu ya bluu. Alitoka nje akatafuta gari la kushuka Nyanza-Lac.

Térence alikuwa amebaki mifupa na tumbo. Walimtandikia karibu na dirisha ili aone ziwa. Dada yake alipoingia alimtambua kwa mwendo kabla hajaona uso. "Mushiki wanje," aliita, dada yangu, na wakashikana mikono. Ndayikunda akatoka nje kuwaachia nafasi.

Jioni ile Térence alitaka kujua mpakani wamempokeaje. Révérienne alikusudia kumficha, lakini kaka yake alimjua. Alipoambiwa kwamba dada yake ameingia kama mtalii, alicheka mpaka kicheko kikageuka kuwa maumivu, akashikilia tumbo.

"Basi nitakuwa mwongoza watalii," alisema alipotulia. "Hukuwahi kuiona nchi hii. Uliondoka ukiwa mgongoni."

Hakuwa anatania. Kesho yake alimwelekeza kijito walichokuwa wakichota maji, akimtajia mawe na kona. Révérienne alikwenda, na jioni alikaa kando ya kitanda akamsimulia alichokiona: kijito kimepungua, wameweka bomba, jiwe la kufulia bado lipo. Siku iliyofuata alimtuma kanisani alikobatizwa. Nyingine alimtuma kwenye kiwanja cha nyumba ya baba yao, ambapo sasa kulikuwa na familia nyingine, watu wazuri waliompa kiti na uji bila kujua ni nani, naye hakuwaambia. Térence alikuwa akimuuliza maswali kama mtu anayekagua, na akisikia kitu kipo alifumba macho akaitikia kwa kichwa.

Mahali pa mwisho alichelewa kupataja. Ilikuwa njia panda chini ya kilima, karibu na barabara ya ziwa.

"Pale ndipo lori liliposimama," alisema. "Nilikuwa kwenye mihogo. Baba aliniona. Aligeuza uso upande mwingine ili waliomkamata wasifuate macho yake."

Miaka yote hiyo Révérienne alikuwa ameambiwa tu kwamba baba alichukuliwa. Alikwenda pale njia panda mchana, peke yake. Kulikuwa na kibanda cha vocha za simu, na waendesha pikipiki wakingoja abiria. Mmoja alimuuliza anakwenda wapi. Alisema anatazama tu. Alivua kandambili, akasimama peku kwenye vumbi, akasali Baba Yetu mara moja, akavaa, akarudi. Jioni alipotaka kusimulia, Térence alimwinulia kiganja. Hilo hakuhitaji kusimuliwa.

Wakati huo tarehe ya kalamu ya bluu ilikuwa inakaribia. Ndayikunda alimsihi shangazi yake akae tu. Kilimani pale hakuna anayeuliza muhuri, na mgonjwa yuko ukingoni. Révérienne alikwenda kwenye ofisi ya karibu kuuliza habari ya kuongeza muda, akaelezwa kwamba ombi linapelekwa Bujumbura na inabidi alipeleke mwenyewe na kusubiri huko. Alipiga hesabu ya safari, akaona itamtenga na kaka yake muda mrefu. Njia fupi ilikuwa moja: siku ya mwisho atoke Mugina, alale Manyovu, asubuhi aingie upya na agongewe muhuri mwingine.

Alimweleza Térence. Alimweleza pia kwamba yuko tayari kutokwenda, kama yeye atamwambia asiende. Ndayikunda alikuwa amesimama mlangoni akilia, akisema hakuna Mungu anayedai muhuri kwa wakati kama huu.

Térence alipumzika kwanza, maana maneno yalikuwa yanamchosha.

"Nilikuvusha ukiwa huna karatasi," alisema. "Nilikuwa na hofu njia nzima. Sitaki kufa nikijua umekaa hapa kwa kujificha. Nenda, utanikuta."

Alikwenda. Alitoka Mugina kabla ofisi haijafungwa. Dada yule wa nywele fupi alimgongea muhuri, akamwambia asubuhi atakuwepo. Révérienne alichukua chumba katika nyumba ya wageni pale Manyovu, hakula. Asubuhi alikuwa amejifunga kitenge tayari simu ilipoita. Alipoona namba ya Ndayikunda hakupokea haraka. Aliketi kwanza kitandani.

Térence alikuwa ameaga alfajiri, akiwa amegeuzwa upande wa ziwa kama alivyoomba. Hakumuulizia mtu. Ndayikunda alisema mara moja tu alitamka jina la dada yake, lakini hakuonekana kumtafuta.

Révérienne aliingia Mugina akiwa wa kwanza kwenye foleni. Safari hii alipoulizwa sababu ya safari alisema, mazishi. Dada wa uhamiaji aliinuka kwenye kiti chake, akatoka nje ya kizimba, akamshika mikono yote miwili kama wanavyofanya watu wa kule mtu anapofiwa. Halafu akarudi kukaa na kuandika, maana foleni ilikuwa inangoja. Hakumwambia alichoandika, na Révérienne hakuangalia.

Walimzika kilimani mchana uliofuata. Révérienne alikaa matanga, akafua nguo za marehemu, akamsaidia mpwa wake kugawa vyombo, akaondoka siku zake zikiwa bado zimebaki.

Kwa muda mrefu baada ya hapo alikuwa mzito. Alikuwa akikaa kando ya chungu cha mawese, kazi aliyoachiwa na mumewe, huku moto umezimika, na Kelly alikuja kutoka kwake Bangwe, mjini Kigoma, kila Jumapili akidhani mama yake anaumwa. Siku moja Kelly aliuliza kile ambacho majirani wote walikuwa wanakiogopa: kama anajuta kutoka siku ile.

 Mama yake alisema anajuta kila asubuhi. Alisema pia kwamba kama siku ile ingerudi, angekwenda tena Mugina, kwa sababu baba yake Kelly alikufa kwa kukosa karatasi, na yeye aliapa hatazeeka akinyemelea njia za vichakani. Mambo hayo mawili yote ni kweli, alisema, na hajui la kuyafanya.

Ndayikunda alipojifungua, Révérienne alivuka tena kumwona mtoto, akiwa na chupa ya mawese na Kelly pembeni yake. Alikaa siku chache. Kule walimwonyesha nafasi kando ya kaburi la Térence, wakamwambia imeachwa kwa ajili yake. Alishukuru kwa heshima zote, akapanda ua hapo. Njiani kurudi, gari lilipokuwa linateremka kuelekea Kigoma, alimwambia Kelly kwamba yeye azikwe Simbo, ubavuni mwa Ngendakumana, na kwamba mihogo ya shamba la chini ivunwe juma lile kabla nguruwe pori hawajaimaliza.