Mama Soli na Kasha la Gemu Arobaini

Mtaani kwetu, mtu akitaka kununua gemu ya kuchezea kwenye runinga, alimpitia kwanza fundi viatu. Cheka tu, hata mimi nilicheka, mpaka siku aliponizuia nisitupe hela zangu.

Fundi mwenyewe alikuwa mama mtu mzima, tukimwita Mama Soli. Kibanda aliachiwa na marehemu mumewe: cherehani ya mkono, kopo la gundi, kigoda chenye mguu mmoja uliopigiliwa raba ili kisiyumbe, na juu ya rafu jozi ya viatu vyeupe vya harusi alivyokuwa akikodisha. Mashine ya gemu aliachiwa na binti yake alipoolewa. "Mama, itakuondolea upweke." Mama Soli alianza kwa kugonga magari ya gemu ukutani; baada ya miaka mitatu, vijana walikuwa wakitafuta visingizio vya kutocheza naye.

Duka la gemu pale kona lilikuwa la shemeji yake, mdogo wa marehemu. Walielewana hivi: shemeji anamwazima kila diski mpya siku tatu, naye anamshonea viatu bure. Siku ya nne wapita njia huuliza, "Mama Soli, inalipa?"

Kipimo chake kilikuwa kimoja.

"Tangu nikae hapa," alinieleza, sindano ikiwa kwenye pembe ya mdomo, "sijaletewa kiatu kibaya mara ya pili. Kibaya kikikatika kinatupwa. Kiatu kilichostahili bei yake, mwenyewe anakirudisha: fundi, nibadilishie soli, siwezi kuachana nacho. Na gemu ni hivyohivyo. Ukishaimaliza, unairudia?"

Basi siku moja shemeji akaja amekumbatia kasha, jasho linamtiririka. Diski arobaini, gemu moja, zote zina picha ya joka. Mtaji wa duka ulikuwa umeingia wote mle ndani.

"Shemeji, hii usinichunguzie sana. We sema tu inalipa."

"Umeshanunua ndipo unaniletea?"

"Walikuwa wanauza kwa bei ya kutupa!"

"Mtu hatupi bila sababu, shemeji."

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, akaiweka. Picha safi jamani. Mvua ilinyesha mle ndani mpaka akatamani kwenda kuanua nguo. Lakini jua halijazama, joka limeshakufa na majina ya waliotengeneza yanapita. Jumatatu, akipaka gundi, alijisikiliza kama mikono inaitamani. Wapi! Jumanne vilevile.

Jumatano akaja mwalimu wa hesabu kuchukua viatu vyake. Alikuwa amejibana miezi minne apate bei ya gemu hiyo. Shemeji alipomwona kutoka dukani kwake akaja kibandani, akajifanya anachagua kamba za viatu.

"Mama Soli, ile ya joka inalipa?"

Shemeji akakohoa. Mama Soli alijua akisema hailipi, mpaka kesho mtaa mzima umesikia, na duka la shemeji yake litayumba. Akisema inalipa, mwalimu atagundua Jumapili ijayo tu, na hakuna atakayemwamini tena.

"Ni nzuri," alisema. Shemeji akatabasamu. "Nzuri kwa siku moja. Kwa bei ile, usinunue."

"Shemeji! Unanitilia kitumbua mchanga mbele ya mteja!"

"Bora lawama kuliko fedheha." Akashusha vile viatu vyeupe. "Hivi vimevaliwa na maharusi sita. Hakuna hata mmoja aliyevinunua. Kila mmoja alilipia siku yake. Joka lako ni kiatu cha harusi, shemeji. Wewe unaliuza kama kiatu cha kazini."

Shemeji aliondoka bila kuaga. Wiki mbili nzima alipita upande wa pili wa barabara, na kiatu chake kilipoachama mdomo akakifunga waya badala ya kumpelekea. Lakini wiki ya tatu ubao ukatokea dukani: JOKA, UNAKODI KWA SIKU. Mwalimu alikuwa wa kwanza. Mtaji ulirudi kwa kuchechemea, tena haukurudi wote.

Siku moja asubuhi shemeji akasimama mlangoni pa kibanda, mkono huu kiatu chenye waya, mkono ule diski.

"Shikamoo shemeji. Hiki bado kinashoneka?"

"Marahaba. Si umekirudisha? Basi kinashoneka. Na hiyo nyingine?"

"Hii ni moja tu, nimeazima kwa muuzaji wa jumla." Akashusha sauti. "Sijanunua. Nimekuja kuuliza kwanza."

Mama Soli akakata ule waya, akautupa chini ya meza.

"Niachie siku tatu," akasema. "Na huo mguu mwingine wa kiatu, hebu lete tuuone."