Nafasi ya Vidole Vinne

Jumanne saa nane mchana nilikuwa kwenye foleni fupi ya kaunta, gesti moja pale Malaba, dereva wa lori alipotoka chumbani kifua wazi na kunipita. Akakamua fulana yake juu ya kitabu cha wageni. Jasho likadondoka.

"Mama, hiki ni chumba ama tanuri? Usiku kucha nimesogeza lori kwa foleni ya mpaka. Jioni navuka na mafuta. Nikisinzia kwa usukani, watu watakufa!"

Mwenye gesti hakupepesa macho. "Chini ya mabati nimeweka karatasi ya kung'aa, ya kuzuia joto. Fundi ni huyo, muulize."

Fundi, aliyekuwa akitengeneza mlango, aliweka nyundo chini. "Nilisema tuache nafasi ya vidole vinne kati ya bati na karatasi. Vikigusana, joto linapita tu. Ukaniambia nibane."

"Hapa Malaba ukiacha nafasi, lazima kitu kiingie. Panya, popo, nyigu!"

"Hewa, mama. Nilitaka hewa."

Dereva alipiga kaunta kwa kiganja. "Yaani napikwa kwa sababu mtu mzima ameshindwa kuacha nafasi ndogo hivyo?"

Mama alinyoosha kidole dirishani. Nje, lori la dereva lilikuwa limebana lile la mbele, bampa kwa bampa, mtu asije akaingilia foleni.

Dereva akavaa fulana yake mbichi. Ningecheka, lakini nami nilikuwa nimemsogelea mgongoni hadi jasho lake likanilowesha shati, asije mwingine akaingia kati yetu.