Nilidai chuma cha zamani gereji Karatu, nikaletewa chenye vumbi la Ngorongoro

Wakuu, salaam kutoka huku Karatu kwenye baridi.

Hili limenikuta mwenyewe, sijasimuliwa. Na pale nilipokosea mimi nitaandika kama ilivyokuwa. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, mwanamke, na nina pickup moja ya zamani. Inabeba maharage na mahindi ya wakulima kutoka Mbulumbulu kuleta mjini. Dereva wake nimwite Tluway, baba wa watoto watatu, mwaka wa nne sasa yuko na mimi. Jioni akileta gari anakunywa chai kwangu, tunaongea, anaenda kwake.

Sasa nieleze utaratibu wangu, maana ndio chanzo cha yote.

Wenye magari ambao hamshindi gereji mnaujua. Dereva akibadilisha kifaa, anakuletea kile cha zamani. Unakishika, unaona kimekwisha, unaridhika. Risiti mtu anaweza kuandika popote, lakini chuma kilichochakaa huwezi kukiandika. Ndivyo nilivyoamini.

Nyuma ya jiko nina ndoo ya rangi imejaa bearing, mikanda, plagi, kila kitu kilichowahi kutoka kwenye hilo gari. Tluway hunitania: "Madam, siku moja utaziunganisha hizo upate gari la pili."

Basi, mwezi uliopita akaniambia pedali ya breki inazama akiteremka na mzigo. Mteremko wa Mbulumbulu si wa kujaribia. Nikamwambia apeleke gereji, mimi nikaenda kazini.

Saa tano akapiga simu. Nilikuwa nasimamia mtihani.

"Madam, brake shoe za nyuma zimekwisha. Fundi ana mpya, ila anasema bei yake ni ya sisi kumwachia za zamani. Tukizitaka, anaongeza elfu ishirini."

Nikamjibu kwa kunong'ona, kwa hasira: "Tluway, sinunui kitu changu mwenyewe. Bila chuma cha zamani usije kwangu."

Nikakata. Ikumbukeni hiyo simu.

Jioni akaja na brake shoe mbili zimefungwa kwenye gazeti. Kwa wasiozijua, ni vile vyuma vilivyopinda kama nusu mwezi, vinakaa ndani ya drum ya tairi, vina lining ngumu inayobana tairi lisimame. Hizi zilikuwa zimelika mpaka chuma chenyewe. Moja imevunjika sikio. Niliridhika kama dakika moja hivi.

Kisha nikaona vumbi.

Wakuu, huku kwetu udongo ni mwekundu. Mbulumbulu mwekundu, Karatu mwekundu, nguo za shule nyekundu. Vumbi lililojaa kwenye zile brake shoe lilikuwa la kijivu cheupe, laini kama unga. Hilo halipo Mbulumbulu. Lipo ng'ambo ya kreta ya Ngorongoro, ukishateremka kwenye mbuga kuelekea Serengeti au Wasso.

"Tluway, gari lilikwenda wapi mwezi huu?"

"Mbulumbulu, madam. Kwingine wapi?"

"Na vumbi hili?"

Akaangalia. Kisha akasema, "Kesho twende wote gereji."

"Nijibu kwanza."

"Nikijibu hutaamini. Twende tu."

Nikachukua funguo. Akaenda kwao kwa miguu, na chai hakunywa.

Asubuhi nikamweleza mwalimu mwenzangu. Hakufikiri mara mbili: "Huyo anapeleka mizigo Wasso wewe ukiwa darasani. Fukuza." Nikaanza hata kuwaza nani atafaa.

Ila mimi huwa naandika kilomita za gari kila Jumapili kwenye daftari. Nikazipiga hesabu. Zilitosha safari za Mbulumbulu tu. Wasso na kurudi hazikuwamo.

Kwa hiyo gari halikwenda. Basi chuma si cha kwangu, nikahitimisha. Na kama si cha kwangu, breki hazikubadilishwa, pesa wamegawana yeye na fundi, na gari langu linateremka na mzigo kwa breki zilezile.

Nilikwenda na Tluway gereji nikiwa nimejaa hasira. Uwanja mzima ni magari ya watalii, yote yana vumbi lile la kijivu. Hilo peke yake lingenitosha, lakini nilishakuwa na jibu langu.

"Karibu madam," fundi akasema. Nimwite Elibariki. "Breki zinashika?"

"Fungua tairi la nyuma."

"Jamani, madam amekuja kutukagua kama madaftari ya Form Two!" Mafundi wakacheka. Mimi sikucheka. Akafungua.

Ndani kulikuwa na brake shoe mpya. Maandishi ya kiwandani bado yanasomeka. Nikamwambia afungue na upande wa pili. Mpya pia.

"Sasa zangu za zamani ziko wapi?"

Akavuta kiroba. Ndani brake shoe za magari mbalimbali, zimeandikwa namba kwa chaki. Zenye namba yangu zilikuwa na vumbi jekundu.

"Hizi nazipeleka Arusha kubandikwa lining mpya," akasema. "Ndiyo maana nilikupa bei ya chini. Dereva wako nilimwambia."

"Na zile alizoniletea?"

Akaonyesha rundo la vyuma ukutani. "Zile za gari la watalii, zimevunjika, hazibandikiki. Madereva wanatuomba kila siku. Mabosi wanataka kuona chuma, tunawapa chuma."

Nikamgeukia Tluway. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

"Ulisema bila chuma nisije kwako."

Yaani kazi ilifanyika kweli, na mtu mkweli alilazimika kutafuta ushahidi wa uongo, kwa sababu mimi nilitaka ushahidi na sikutaka maelezo.

Lakini sijamsafisha fundi. Moja ya zile za kwangu ilikuwa na lining ya kutosha tu kwa macho yangu. Anasema zinabadilishwa zote kwa pamoja. Inawezekana. Inawezekana pia alizitaka zangu akaziuze. Sijui, wanaojua waseme.

Nilipofika nyumbani nikaimwaga ndoo. Chini kabisa kulikuwa na plagi nne za cheche, zililetwa na dereva wangu wa kwanza, yule niliyekuwa namsifia kwamba hajawahi kurudi mikono mitupu.

Wakuu, gari langu ni la dizeli. Halina plagi za cheche.

Nilichojifunza: suala la chuma cha zamani limalizwe kabla spana haijashikwa. Muulize fundi bei mbili, ya kumwachia na ya kuondoka nacho, na aandike kwenye risiti. Punguzo la kuacha cha zamani naweza kulielewa. Kuja kuambiwa wakati gari limeshafunguliwa, hapo unakuwa mateka. Kama huwezi kwenda, omba upigiwe picha drum ikiwa wazi. Na dereva akipiga simu, toka nje umsikilize.

Sheria inasemaje kuhusu umiliki wa kifaa kilichotolewa, sijui. Wanasheria tusaidieni.

Tluway nilimwomba radhi, nikamrudishia funguo. Akasema, "Hamna shida, madam."

Wiki iliyopita balbu ya indiketa iliungua. Jioni akaja, akaiweka mezani imefungwa kwenye gazeti, na nati moja iliyoshika kutu, na kipande cha waya, wala sikuwa nimedai chochote. Nikamwambia chai ipo. Akasema anawahi.

Wenye gereji, semeni. Wenye magari, nanyi kamwageni ndoo zenu. Na madereva mliowahi kushukiwa bure: bosi alifanya nini, mpaka ukakaa tena kunywa chai yake?