Kutupa Mkia kwenye Kona za Busunzu

Siku yangu ya kwanza kazini Kasulu sikuoneshwa ng'ombe hata mmoja. Afisa Mifugo wa Wilaya, mtu mkavu aliyehamia kwetu kutoka Singida, alinikabidhi pikipiki na kunipeleka kwenye mteremko wa changarawe. "Dawa utazijua tu," aliniambia. "Kona usipoijua, hutafika zizini."

Mbinu ya kukata kona huko tuliiita kutupa mkia. Ukikaribia kona unaachia mafuta, unashuka hadi gia ya pili, kisha unakanyaga breki ya nyuma mpaka tairi ligome kuzunguka. Linateleza pembeni, pua ya pikipiki inageukia unakokwenda, nawe unaachia breki na kuongeza mafuta. Breki ya mbele usiiguse. Kwenye changarawe itakulaza chini. Nilianguka mpaka viwiko vikaota sugu, lakini mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nilipohamishiwa Rungwe Mpya nilikuwa nakata kona huku naimba, na sioni haya kujisifu kwa hilo.

Baadaye nikapelekwa Kibondo, na mkuu wa idara wa huko akanipa kazi ya kuwafundisha waajiriwa wapya. Aliyewazidi wote ni Neema, binti wa Busunzu, mtu asiye na papara. Hata mimi alinipita, na nilimwonea wivu kidogo, wivu wa mzazi.

Msimu wa maharage, wakulima wa kwetu huyatandaza barabarani ili magari yapite juu na kuyapura. Sote tulilijua hilo, tukawa tunapunguza mwendo. Asubuhi moja Neema aliitwa kwa ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, akawa na haraka. Kwenye kona ya chini ya kijiji chao akatupa mkia kama nilivyomfundisha, tairi likakuta punje za maharage badala ya changarawe. Pikipiki ikamtupa korongoni. Alifariki kabla hatujamfikisha hospitali. Mwenye maharage hakujitokeza, nami sikumtafuta, maana kila nyumba ilikuwa imetandaza.

Nilifundisha miaka mingine baada ya hapo, bila raha.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, wakubwa walinisifu mpaka nikachoka. Mama yake Neema alikuja pia. Alinisalimu kwa Kiha, akakaa karibu yangu, akauliza polepole:

"Mwalimu, mwanangu alikuwa anaijua pikipiki?"

"Kuliko mimi, mama."

Aliinama.

"Afadhali ungeniambia hakujua."