Haketi na Chumvi ya Shamba la Mama Yake

Jua halijachomoza vizuri, na mwanamke huyu tayari yuko ndani ya mfereji, maji yakimfika magotini. Anazoa tope kwa koleo, anainuka, anachungulia vitunguu vyake, anarudi kuzoa. Majirani wamembatiza jina la Haketi, na ukishinda naye asubuhi moja utakubali kwamba hawakumsingizia.

Shamba ni nusu ekari, alilorithi kwa mama yake. Zamani lilimpa magunia ishirini na zaidi kwa msimu. Msimu uliopita aliambulia manne, tena ya vitunguu vidogo kama gololi. Juu ya matuta ya pembeni bado kuna ukoko mweupe, utadhani mtu kamwaga unga.

"Nilijua ni kiu," anasema, akiuparua ukoko kwa kidole cha mguu. "Majani yakinyauka, namwagilia. Asubuhi kidogo, jioni kidogo. Kumbe najimaliza mwenyewe!"

Maji ya kisima chake yana chumvi. Kila alipomwagilia kidogo kidogo, jua liliyakausha maji na chumvi ikabaki. Ilipozidi, iliyang'ang'ania maji udongoni, mizizi ikashindwa kuyanyonya. Bwana shamba ndiye aliyemfumbua macho.

"Mama, mimea yako inakufa kiu huku imesimama kwenye maji," alimwambia.

Tiba yake ni kumwagilia kwa wingi kwa mpigo mmoja, maji yaisukume chumvi chini, kisha mfereji uitoe nje ya shamba. Haketi akaanza kuchimba siku hiyohiyo.

Mumewe alikuwa ameshakata tamaa. Wafyatua matofali walikuwa wameulizia udongo ule, naye alitaka wapewe.

"Shamba la mama yangu liwe matofali?" Haketi alimjia juu. "Nipe msimu mmoja tu."

Mume alikubali kwa shingo upande. Vitunguu visipofika magunia kumi, wafyatua matofali wanaingia. Mavuno yamekaribia, na mama huyu hana raha. Anang'oa kitunguu, anakipima kiganjani, anaguna.

Mumewe anatokea na kikombe cha chai. "Kunywa kwanza, mke wangu. Mfereji hauna miguu, hautakukimbia."

Haketi anapiga funda moja, anamrudishia kikombe na kwenda mwisho wa mfereji, maji yanakomwagikia bondeni. Anachovya kidole, anaonja, anatema. Uso unamchangamka.

"Bado chumvi?" mume anauliza kwa wasiwasi.

"Bado. Ikipita hapa, shambani imepungua." Anageukia vitunguu vyake. "Nikivuna kumi, mwakani nalima mpaka kule kwenye ukoko. Na siku nikionja hapa nisikute chumvi, nitakaa kitako kutwa nzima, mje mnitazame."

Mume anacheka. Anakiweka kikombe juu ya tuta, anavua viatu na kushuka mferejini.

"Lete hilo koleo," anasema.

"Tafuta lako," anajibu Haketi, akizoa.