Tanuru Lililozaa Matofali

Siku yangu ya kwanza kazini, chef d'atelier, mkuu wa karakana, hakunipa nyundo. Alinipa matofali mawili niyagonganishe. La kwanza lililia kama kengele. La pili likatoa sauti nzito, fupi.

"Hii ya pili iko na ufa ndani," akasema. "Ukijenga nayo furu, itakuangukia."

Ndivyo nilivyoanza kujenga matanuru, furu kama tunavyoyaita hapa Kisangani, ya mikate, ya sabuni, ya kukaushia kahawa. Matofali yetu yalikuwa ya udongo mweupe unaostahimili moto mkali, na tuliyachoma wenyewe katika tanuru kubwa nyuma ya karakana. Tuliliita Mama. Mkate wa kwanza wa kila tanuru jipya uliliwa na waliolijenga, ukiwa bado wa moto. Hiyo ilikuwa haki yetu.

Kisha serikali ikawapa wananchi biashara za wageni. Mbelgiji mwenye karakana akaenda zake, tukapata patron mpya, yaani bosi, mtu wa Chama aliyetaka aitwe citoyen, raia. Tulishangilia, wajinga sisi! Matanuru ya chuma yakaanza kuletwa kwa meli kutoka Ulaya, yameshaungwa, hayataki mwashi. Wenzangu wakatawanyika, huyu Bangui, yule Bujumbura, na huko nako wakakuta kazi iliyobaki ni kufungua makasha.

Siku moja mwoka mikate wa mtaa wa Kabondo akaagiza tanuru. Matofali yalikuwa yamekwisha, na lori la udongo halikuwa na mafuta.

"Vunjeni Mama," patron akasema. "Matofali si iko pale?"

"Citoyen patron," chef akajibu, "tukivunja hii, kesho tutajenga na nini?"

"Kesho iko ya Mungu. Client iko leo."

Chef akatutazama. Nyumbani kwetu sote watoto walikuwa wanalala njaa. Chef akaokota nyundo, akapiga pigo la kwanza yeye mwenyewe.

Mkate wa Kabondo ulipotoka, tulisimama tu tukiutazama.

"Kuleni, ndugu," chef akasema. "Iko ya mwisho."

Tukala. Baada ya hapo karakana ikafungwa.

Husemwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aliyesema hivyo alikuwa na mahali pa kufulia koleo jingine. Sasa vijana mnakuja kwangu: "Papa, tufundishe kazi." Mikono yangu bado inakumbuka yote, na inaniuma kuwajibu. Niwafundishe, halafu mjenge na nini?