Waya Uliokuwa Sakafuni

Bado nina aibu, lakini pia bado nina hasira, na mkinisikiliza mpaka mwisho mtaniambia kama sina haki.

Mimi ni mtu wa Bumula, nasomea mitandao ya kompyuta kwenye chuo kimoja hapa Kitale, na siku hiyo nilikuwa nimeenda kuomba atachimenti, yale mafunzo ya kazini, kwa kampuni ya kukusanya maziwa (bila atachimenti humalizi kozi, na nilikuwa nimeshafukuzwa na ofisi zingine mpaka viatu vikaanza kucheka). Karani, Madam Rose, akaniambia, "Keti hapo, meneja anakuja."

Nikakaa. Sasa si nikaona waya wa mtandao umelala sakafuni, mwisho mmoja umeingia kwa swichi (si ya taa, ni kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta zote za ofisi), ule mwingine hauna kazi, watu wanaukanyaga tu. Mimi mtu wa fani nikaona vibaya, nikauokota, nikauchomeka kwa tundu lililokuwa wazi kwa kisanduku hicho hicho, nikarudi kukaa kama malaika.

Kidogo tu, kompyuta zote zikaganda. Wakulima wamepanga laini na mitungi, maziwa hayawezi kuandikishwa, jua linawaka, mzee mmoja wa Endebess anapiga kelele, "Ati mtandao? Maziwa yangu inaganda nikiangalia mtandao?" Meneja akatoka mbio, anashika kichwa. Na mimi, bana, nikasimama mbele ya watu wote nikasema, "Hiyo ni kazi yangu, niachieni."

Nikaangalia kisanduku, taa zinawaka na kuzima kama zina wazimu, ndipo nikakumbuka mwalimu akituambia darasani kwamba ukirudisha waya kwa kisanduku kile kile, habari zinazunguka bila kutoka mpaka mtandao wote unakufa. Kumbe ni ule waya wangu. Nikauchomoa polepole, nikiuficha na mwili wangu, na kompyuta zikarudi.

Wakulima wakanipigia makofi! Yule mzee akanishika mkono, "Asante msichana, Mungu akubariki." Meneja anatabasamu, anasema, "Wewe utaanza Jumatatu." Nami nikasimama pale nikicheka, nikiyapokea makofi yote.

Madam Rose akainua kichwa. "Lakini si huo ndio ule waya ulikuwa hapa chini? Si ni wewe uliuokota?"

Makofi yakakatika. Mzee akaachilia mkono wangu kama umemchoma. "Kumbe ni wewe!"

Meneja hata hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema, "Kuharibu ningekusamehe. Lakini umetuacha tukushukuru." Akanionyesha mlango.

Na hapo ndipo nakasirika mpaka leo! Nani aliniuliza kama ni mimi? Waya wao wenyewe wameutupa chini, karani ameniona nikiokota akanyamaza, halafu mwenye makosa ni mimi? Nilitembea mpaka steji ya matatu nikijibizana na meneja kichwani, na nilimshinda kila mara, mpaka nikafika kwa yale makofi. Hapo alinishinda yeye.

Atachimenti nilipata baadaye, Bungoma mjini. Na nimeapa: siku watu wataanza kunishukuru kabla sijaeleza, nitawanyamazisha kwanza.